Mama Ubishi na Mlango wa Mbele

Wifi yangu hakuzaliwa na jina la Mama Ubishi. Wateja ndio waliompa, naye akalivaa kama nguo iliyomkaa vizuri.

Lilianzia kwenye saluni ya mtu mwingine, zamani hizo akiwa anafagia nywele na kufua taulo. Mwenye saluni ile alikuwa na tabia ya kuwakalisha benchi wateja wenye nywele chache mpaka wenye nywele nyingi wamalizike, maana ndiko kulikokuwa na faida. Wifi akauliza mbele ya watu kwa nini yule mama aliyefika asubuhi bado amekaa. Akaambiwa afyate ulimi, afagie. Akafagia huku anauliza. Jioni hiyo alipewa mkoba wake mlangoni na hakuambiwa kwaheri.

Kaka yangu alimwoa akijua anachokioa. Kaka ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Husema nyumba yao maneno yamejaa hadi ukingoni, yeye akiongeza lake moja yatamwagika.

Saluni yake mwenyewe aliifungua kwenye safu ya maduka yenye baraza moja la pamoja. Baraza lilikuwa juu ya barabara kwa ajili ya maji ya mvua, na ili ulifikie ulipanda ngazi tatu za saruji zilizolika katikati. Ndani kulikuwa na vioo viwili, draya moja ya kusimama, makochi ya kusubiria, na kule mwisho sinki la kuoshea nywele lililofungwa ukutani pamoja na kiti chake kilichopigwa boliti sakafuni. Mimi nilikuwa na meza yangu ya kucha kwenye kona ya dirisha. Nilikuwa napaka rangi, nasikiliza umbea, na kila wifi alipoanza ubishi na mtu niliinamisha kichwa kama sipo.

Watu wasioweza kupanda ngazi walikuwa wanakuja mara mojamoja. Bibi mwenye magoti mabovu, mama aliyevunjika mguu. Tulikuwa tunawaita vijana wa pikipiki wa pale mbele, wanambeba mtu juu juu na kumtua kwenye kochi, na watu wote wanasema oo, jamani, asanteni. Tulijiona wema sana.

Halafu akaja Cherehani.

Ilikuwa siku ya mwisho wa wiki, saluni imejaa pomoni, rasta zimetapakaa sakafuni kama kamba za mnadani. Nikasikia sauti kutoka chini barabarani.

"Habari zenu huko juu."

"Nzuri, dada. Karibu," wifi akajibu bila kugeuka.

"Nakaribia wapi?"

Ndipo wifi akageuka. Chini ya ngazi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo kwenye kiti cha magurudumu, amevaa glavu za ngozi zilizokatwa vidole, na shingoni amening'iniza futi ya kupimia nguo. Kwa jina nilikuwa namjua. Alikuwa anashona nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya shule, na nusu ya magauni yaliyokuwa yanapita kwenye barabara ile yalitoka mikononi mwake. Kwa sura ndiyo kwanza namwona. Alisema kesho yake kaka yake anaoa, na yeye anataka kichwa kinachofanana na gauni alilojishonea.

Wifi akatoka na kitana mkononi. "Subiri kidogo, dada. Tunakuitia vijana wakubebe, sasa hivi tu."

"Hapana, asante. Mimi si gunia."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

"Basi nakuosha hapa hapa nje," wifi akasema. "Naleta beseni, nakuweka kivulini, hutasikia hata jua."

"Hapa barabarani? Watu wanapita wananikuta shingo imelala, povu masikioni? Sioshwi nje kama gari, dada yangu."

Wanawake ndani wakacheka. Yeye hakucheka, na kicheko kikafa chenyewe.

Nikajitia kuokoa mambo. "Kuna mlango wa nyuma," nikamwambia. "Kule uani hakuna ngazi hata moja."

"Uani kuna nini?"

"Kuna... kuna mapipa ya taka. Na choo cha wapangaji. Lakini ni kupita tu."

Akanitazama. "Na hawa wote waliokaa humo ndani, wamepita kwenye mapipa?"

Nikarudi kwenye kucha zangu.

Wifi alikuwa ameanza kupandwa na mori. Hakuna kitu kinachomkera kama mtu kukataa msaada wake. "Sasa dada, unataka nini hasa?"

"Nataka kuingia," Cherehani akasema. "Nije na hela yangu, nipite mlango wa mbele, nikae kwenye kioo, nisemwe kwamba nywele zangu zimekatika kwa sababu sizitunzi. Kama mnavyowasema hao."

Akageuza kiti chake, akaenda zake.

Wifi akarudi kwa mteja aliyekuwa anamchana. Akachana, akachana, mpaka yule mteja akauliza kama kichwa kile ni chake au ni cha adui. Wifi akatupa kitana juu ya meza, akatoka mbio na aproni yake. Nilimwona kwa mbali pale kwenye kona, ameshika kiuno, na Cherehani ametia breki, wanarushiana maneno huku watu wanawapita. Aliporudi alikuwa anahema.

"Kakataa kurudi," akasema. "Kasema nikipata mlango nimwite."

"Mlango si tunao," nikasema.

"Hatuna," akasema wifi. Akaokota kitana, akamalizia kichwa cha mteja.

Kaka alipokuja kumchukua, alimkuta mkewe amesimama mbele ya sinki. Akamuuliza kama linaweza kutoka ukutani. Kaka akagonga ukuta kwa kidole, akainama akachungulia bomba chini, akajifuta magoti.

"Linatoka," akasema.

Mimi ndiye niliyepinga. Nasema ukweli, nilipinga kwa nguvu zote. Nilimwambia, wifi, watu wa namna ile ni wangapi? Tunapindua saluni nzima kwa ajili ya mteja mmoja aliyetudharau?

"Wewe unawahesabu wanaoingia," akanijibu. "Wasioingia utawahesabuje?"

Kesho yake akaenda kwa mwenye nyumba. Huyu alikuwa mzee wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono, anakaa ghorofani juu ya maduka yake, na gari lake ndilo lililokuwa roho yake. Sisi wapangaji tulikuwa tunamwita Bosi. Wifi akamweleza kwamba anataka kujenga njia ya mteremko pale mbele, kwa gharama zake.

"Hili ni jengo la biashara, si zahanati," Bosi akasema. "Leo mteremko, kesho utaniletea vitanda na dripu."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Ni hapana."

"Nimekusikia," wifi akasema.

Anayemjua wifi yangu anajua kwamba "nimekusikia" yake haina undugu wowote na "nimekubali". Siku iliyofuata tulimkuta mwashi pale mbele anachanganya saruji.

Mteremko ule wa kwanza ulikuwa mzuri wa kutazama. Ulishuka kando ya ngazi, moja kwa moja kutoka barazani mpaka barabarani, umelainishwa unang'aa. Ulipokauka wifi akampigia simu Cherehani, naye akaja. Akasimama pale chini yake, akauangalia kutoka juu hadi chini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mikono ya kiti.

"Huu ni wa kumwagia mchanga," akasema. "Nani kakwambia mimi nina injini?"

"Ni mteremko," wifi akasema, amekasirika. "Ulitaka mteremko."

"Haya, panda wewe."

Akajisogeza hadi ngazi ya chini, akajishusha akakaa juu yake kwa mikono yake mwenyewe, akamsukumia wifi kile kiti. "Kaa."

Wifi akakaa. Mtaa mzima ulikuwa umeshatoka nje kutazama. Akasukuma magurudumu, akapanda kidogo, magurudumu madogo ya mbele yakanyanyuka, mikono ikateleza, na kiti kikarudi kinyumenyume kwa kasi. Bahati kaka alikuwa amesimama pale nyuma na begi lake la spana. Akalitupa begi, akakidaka kiti kwa kifua.

Vijana wa pikipiki wakapiga makofi.  

Halafu wifi akawaambia wamnyanyue yeye na kile kiti, wamwingize ndani. Wakamwingiza. Kwenye mlango vidole vyake vikakwaruzwa na fremu, kwa sababu bawa la mlango lilifungukia ndani likala nafasi. Mbele ya kioo akajiona paji la uso tu. Draya ilimning'inia juu ya kichwa kama kofia ya mtu mwingine. Kwenye sinki ndiyo kabisa, kile kiti cha boliti kilikuwa kimekaa katikati ya njia kama mlinzi. Akajaribu kusogea kwenye meza yangu ya kucha, magoti yakagonga ubao wa chini. Akabaki kwenye kiti kile mchana mzima, anazunguka saluni yake mwenyewe kama mgeni, huku Cherehani amekaa pale pale ngazini juu ya mto, anashona pindo la gauni la mtu na kupaza sauti kupitia mlangoni.

"Taulo unazifikia?"

"Sizifikii."

"Swichi ya taa?"

"Naifikia kwa kitana."

"Andika moyoni, basi."

Jioni ile Bosi, aliyekuwa safarini siku zile, alirudi akaona mteremko. Hakushuka kugombana. Asubuhi tulipofika tukakuta vipande. Alikuwa ametuma watu na nyundo, wameuvunjavunja, na pale ulipokuwa pamebaki kifusi na vumbi jeupe mpaka kwenye kizingiti chetu. Wapangaji wenzetu walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, wanangoja kumwona Mama Ubishi akilia.

Wifi akazunguka kifusi. Akapiga bonge moja teke.

"Ameniokolea gharama ya kuuvunja," akasema. "Ulikuwa mbovu hata hivyo. Wifi, lete fagio."

Tukafagia. Siku hiyo hiyo akaenda kwa seremala, akaenda na Cherehani. Mabishano yaliyotokea huko nilisimuliwa. Seremala alitaka kutengeneza kitu kifupi, Cherehani akamwambia hapana, kirefu, kirefu mpaka uchoke kukitazama, maana urefu ndio unaofanya kupanda kuwe kwepesi. Seremala akasema mbao zitapinda. Wifi akasema ziwekwe miguu katikati. Seremala akasema kitakuwa kizito. Wifi akasema kikatwe vipande vya kuunganishwa, tena chenye kingo pembeni na mikwaruzo juu ili gurudumu lishike. Mwishowe seremala akauliza ni nani kati yao anayelipa, wakajibu wote wawili kwamba hilo halimhusu.

Kilipokamilika tulikuwa tunakipanga asubuhi kando ya baraza, kinapita mbele ya duka la jirani na kuishia barabarani taratibu kabisa, na jioni tunakifungua vipande vipande na kuviingiza ndani. Bosi alishuka siku ya kwanza tu, bado ana povu la kunyolea shavuni.

"Nilikwambia usijenge."

"Sijajenga," wifi akasema. "Hizi ni mbao. Jioni zinalala ndani pamoja na viti. Au na viti navyo nimejenga?"

Bosi akapanda juu kumalizia kidevu.

Ndani, kaka alikuwa amefanya kazi yake kimya kimya. Aliking'oa kiti cha boliti. Sinki alilitoa ukutani akaliweka juu ya stendi ya chuma inayopanda na kushuka, na bomba lake la mpira refu, ili limfuate mteja alipo badala ya mteja kulifuata. Mlango ukageuzwa ukafungukia nje. Kioo kimoja kikashushwa mpaka karibu na sakafu, na wateja wetu wanene wakalalamika kwamba sasa wanajiona wote. Meza yangu ya kucha niliikuta imekatwa ubao wa chini. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilinuna hadi mchana, halafu nikagundua kwamba hata magoti yangu yamepata pa kukaa.

Cherehani akaja. Akapanda polepole, kwa mikono yake, bila mtu kumgusa, akapita mlango wa mbele. Watu ndani wakajifanya hawamwangalii. Wifi akamfungua kilemba, akazishika nywele zake, akakunja uso.

"Dada, hizi nywele zimekatika. Huzitunzi."

"Nina kazi nyingi," Cherehani akasema.

"Kila mtu ana kazi nyingi. Mafuta unapaka?"

Wakaanza. Hawakunyamaza mpaka msuko wa mwisho, na nilimwona Cherehani anajitazama kwenye kile kioo kirefu akiwa na uso wa mtu aliyekula akashiba.

Baada ya hapo wakaanza kuja wale tusiokuwa tunawahesabu. Alikuja mwalimu mmoja wa kike anayetembea na magongo, akasema kwa miaka yote alikuwa anasukwa na jirani yake jikoni. Alikuja mwanamke asiyeona, ambaye alitaka aupapase kila mstari kabla hatujaendelea na unaofuata, na alikuwa mkali kuliko mteja yeyote mwenye macho. Mstari ukipinda kidogo aliufumua mwenyewe. Alikuja binti kiziwi na mama yake. Wifi alizoea kuuliza mtu "inauma?" huku akiwa nyuma yake, na huyu hakusikia wala hakumwona midomo. Binti akatufundisha: unagonga bega mara moja, naye anainua kidole kama inauma. Baadaye wateja wote wakaupenda mtindo huo. Saluni ikawa imejaa vidole hewani.

Bosi naye hakulala. Akabadilisha mahali pa kuegesha gari. Kabla hatujafungua, tulilikuta limelala sambamba na baraza, limekaba ile sehemu yote ya mbao zetu. Wifi akapanda ghorofani, akamwomba kwa heshima alisogeze.

"Kiwanja changu," Bosi akasema. "Naegesha ninapotaka."

"Nimekusikia."

Nilipomsikia akisema hivyo nikatamani kwenda likizo.

Jumamosi ile walikuja wote. Sijui nani alimwambia nani, lakini nadhani simu ya Cherehani ilikuwa ya moto. Yeye akasimamisha kiti chake nyuma ya gari. Wenzake wawili, mafundi wa kushona kama yeye na wenye viti kama chake, wakasimama mbele ya gari. Mwalimu akaegemea magongo yake ubavuni mwa gari. Yule asiyeona akaletewa stuli, akakaa karibu na tairi. Nyuma kabisa, kabla ya barabara, akasimama binti kiziwi na mama yake. Walikuwa wamekuja na karanga na maji ya kunywa. Hawakupiga kelele wala kubeba bango. Walikuwa wanangoja.

Bosi akashuka amevaa suti. Alikuwa na mkutano mahali. Akaingia kwenye gari, akatazama kioo cha nyuma, akatoka.

"Sogeeni nipite."

"Tupo kwenye foleni, baba," Cherehani akasema.

"Foleni ya nini barabarani?"

"Ya saluni. Njia imezibwa, tunangoja ifunguke."

Bosi akarudi ndani ya gari, akapiga honi. Akaipiga ndefu, mpaka watu wa maduka ya ng'ambo wakatoka. Anayemwelekea kwenye kioo alikuwa yule binti kiziwi, na honi haikumhusu. Alikuwa anamenya karanga.

Sasa, ndani ya saluni, chini ya draya, alikuwa amekaa mke wa Bosi. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mama mtulivu, sijawahi kumsikia akizungumzia mambo ya mumewe. Aliisikia ile honi, akaijua. Akanyanyua draya, akatoka barazani na mabigudi yake kichwani, taulo shingoni.

"Baba watoto, unampigia nani honi?"

"Hawa wamenizuia."

"Na wewe umezuia nini?"

Bosi akalegeza tai. "Mama, nina mkutano."

"Na mimi nina kichwa kinaungua, kwa sababu msusi wangu amesimama nje anagombana na gari lako."

Wifi ndipo aliposogea mpaka kwenye dirisha la gari. Hakupaza sauti. "Watakupisha sasa hivi," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ukirudi, utaegesha wapi?"

"Kiwanja changu."

"Basi wao hawajachoka kungoja."

Cherehani akafunga breki ya kiti chake. Ni mlio mdogo, tak, lakini kila mtu aliusikia. Wenzake wakafunga zao.

Mke wa Bosi akashuka ngazi moja. "Ataegesha kule kwenye kona, kwenye kivuli," akasema. "Nimesema mimi."

Bosi akamtazama mkewe, akatazama mabigudi, akatazama saa yake. Hakusema ndiyo. Akawasha gari. Cherehani akaachia breki, wakafungua njia, gari likatoka, na kabla vumbi halijatulia sisi tulikuwa tumeshaanza kupanga mbao. Tangu siku ile gari lilikaa kwenye kona.

Ningependa kusema mambo yakaishia hapo. Hayakuishia. Mkataba wetu ulipokaribia kwisha, Bosi alituma ujumbe kwenye simu, mstari mmoja: hataendelea na sisi. Wifi aliusoma akiwa amemaliza kumwosha mtu. Akakaa kwenye kochi la wateja na mikono yake yenye maji mapajani. Miaka yake yote ilikuwa pale barazani. Nilikaa karibu naye. Sikumwambia kwamba nilimwonya, ingawa ulimi uliniwasha.

Cherehani alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo. "Pole," akasema. "Mimi ndiye niliyekuletea haya."

"Usijipe sifa zisizo zako," wifi akamwambia, anajifuta macho kwa aproni. "Nilianza ubishi kabla sijakujua. Niazime hiyo futi yako."

Akaitwaa futi shingoni mwake, na kwa wiki kadhaa tukazunguka mji na dalali mmoja maskini aliyekuwa hajawahi kuona mpangaji wa namna ile. Wifi anaonyeshwa chumba chenye marumaru, yeye anapima mlango. Anaambiwa kuna feni, yeye amepiga magoti anaangalia kizingiti. Dalali akaniuliza pembeni kama wifi yangu anatafuta saluni au anatafuta mahali pa kufugia ng'ombe.

Tulichokipata ilikuwa ghala la zamani la mbao, mbali kidogo na barabara kubwa. Sakafu yake ilikuwa sawa na barabara, mlango wake wa mabawa mawili, mpana hata lori dogo lingeingia. Kuta zilinukia utomvu wa mbao, na harufu hiyo haijaisha mpaka leo, ukichanganya na shampuu. Tulipohama wateja kadhaa walituacha. Walisema ni mbali, wengine walisema bila kificho kwamba hawapendi kusukwa katikati ya magongo. Wifi aliwaambia wapite salama. Mapato yalipungua, tukala kwa kubana kwa muda mrefu, na kaka alibeba kazi za mabomba mpaka siku za mapumziko. Sitaki mtu adhani ilikuwa mteremko.

Mke wa Bosi alikuja wiki ya kwanza. Akasema mumewe hajui, na hajauliza.

Siku hizi tumejaa. Nywele zinaangukia sakafuni, magurudumu yanazipitia, tunafagia. Mwezi uliopita wakaja watu wa chama fulani cha hisani, wamevaa fulana zinazofanana, na kamera mbili. Kiongozi wao, mama mwenye sauti laini, akamshika wifi mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema wameguswa sana. Wangependa kuchagua wanawake walemavu wachache, wawasuke bure siku moja, na wao wapige picha wakiwa wanawaosha, ili jamii ione moyo wa huruma.

Wifi alikuwa katikati ya kichwa cha Cherehani, nusu kimesukwa.

"Hapa hakuna wa kuhurumiwa," akasema. "Huyu analipa. Tena analipa huku analalamika."

"Anavuta sana," Cherehani akasema kwenye kioo.

"Lakini mama," yule kiongozi akasema, "ni kwa nia njema kabisa. Itakutangaza."

"Nimekusikia." Wifi akachukua rasta nyingine mezani. "Kama mmoja wenu anataka kusuka, akae kwenye kochi afuate foleni. Kama hamsuki, mmesimama mlangoni, na kuna mteja nyuma yenu anataka kupita."

Wakageuka. Kweli, nyuma yao alikuwa amefika mwanamke kijana ambaye hatujawahi kumwona, kiti chake kipya bado kina nailoni kwenye mikono, anatazama ile miguu yote iliyojipanga mbele yake bila kujua aseme nini. Wakasogea wawili kulia, watatu kushoto, kamera zikashushwa.

"Pita, mdogo wangu," wifi akamwambia. "Mbona nywele zimekaa hivyo? Nani aliyekufanyia hivi?"

Na yule binti, akiwa hajafika hata katikati ya chumba, akaanza kujitetea.